WALISILIMU, LAKINI HAKUNA ALIYETAKA KUSWALI NYUMA YA MWENZAKE



Shukrani zote anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, darasa la leo ni refu kidogo. Ukiwa na haraka, lihifadhi ulisome baada ya Isha. Ila nakuomba usilisome nusu, maana jambo lenyewe linatugusa wote: misikiti yetu, jumuiya zetu na koo zetu.

Nianze na kisa kidogo ambacho wengi tunakipita haraka tunaposoma sira.

Mwaka 621, mwaka mmoja kabla ya Hijra, watu 12 kutoka Yathrib walikutana na Mtume (s.a.w.) pale Aqaba, karibu na Mina, wakampa ahadi. Kumi walikuwa wa kabila la Khazraj na wawili wa kabila la Aws. Baada ya hapo Mtume (s.a.w.) akampeleka kwao Mus'ab bin Umayr (r.a.), kijana wa Makka, awafundishe Qur'ani na dini yao.

Hilo tunalijua. Lakini Ibn Is'haq, mwandishi wa sira, ametaja kazi nyingine ya Mus'ab: yeye ndiye aliyekuwa akiwaswalisha. Kwa nini? Kwa sababu Aws hawakupenda kuswalishwa na mtu wa Khazraj, na Khazraj hawakupenda kuswalishwa na mtu wa Aws.

Simama hapo kidogo. Hawa si wanafiki. Hawa ni Ansari wa mwanzo kabisa. Wameiacha ibada ya masanamu na wamemwamini Mtume huku watu wake mwenyewe wanampiga vita. Lakini ikifika wakati wa kupanga safu, mmoja hataki kuona mgongo wa mwenzake mbele yake. Ilibidi imamu atoke Makka.

Wakati huo hawakuwa wakipigana. Vita vilikuwa vimesimama miaka kadhaa nyuma. Basi ni kitu gani kilichobaki?

Hilo ndilo swali letu leo: UGOMVI UKISHA, UNABAKISHA NINI KATI YA WATU? Na Mtume (s.a.w.) aliwafundishaje watu wake kulitazama hilo lililobaki, badala ya kulifunika?

VITA VYA BU'ATH

Aws na Khazraj hawakuwa wageni wao kwa wao. Asili yao ni Yemen, na nasaba zao zinakutana kwa baba mmoja na mama mmoja aliyeitwa Qayla. Waarabu walikuwa wakiwaita wote kwa pamoja "watoto wa Qayla". Ni ndugu wa tumbo moja hao.

Kisha wakaanza kuuana. Kulikuwa na mapigano mengi, yakikatika na kurudi, na wapo wasimulizi waliosema uadui huo ulidumu miaka 120. Vita vya mwisho na vibaya zaidi viliitwa Bu'ath, na vilitokea kama miaka mitano kabla ya Hijra. Kiongozi wa Aws alikuwa Hudayr, baba yake Usayd bin Hudayr. Kiongozi wa Khazraj alikuwa Amr bin al-Nu'man. Wote wawili wakafa kwa vita hivyo. Aws walihesabiwa washindi, lakini ushindi gani huo wa kurudi nyumbani na jeneza la mzee wenu?

Sasa tuangalie ugomvi huo ulivyobadilisha mahusiano ya watu wa mji mzima. Nitataja mambo manne.

La kwanza, uliugeuza undugu kuwa hesabu. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyeuawa, na kila nyumba ilimjua aliyemuua. Hukutani na mtu sokoni ukamwona yeye. Unamwona marehemu wako.

La pili, uliwaingiza wasiohusika. Makabila ya Mayahudi wa Yathrib nayo yaligawanyika. Banu Qaynuqa walikuwa upande wa Khazraj, na Banu Nadhir na Banu Quraydha upande wa Aws. Watu wa kitabu kimoja wakapigana kwa ajili ya ugomvi wa majirani zao. Vita vikiisha, wanachangishana pesa kuwakomboa mateka wa dini yao, kwa kuwa kitabu chao kinawaamrisha kukomboa mateka. Allah (s.w.) ameligusa jambo hili katika Suratul Baqara, aya ya 84 na ya 85, akiwalaumu kwa kufuata sehemu ya kitabu na kuacha sehemu nyingine. Tizama ugomvi unavyovuruga akili: mtu anamtoa ndugu yake nyumbani kwake, kisha anatoa sadaka ya kumkomboa, na haoni mgongano wowote katika matendo yake.

La tatu, uliwaondoa wazee. Bibi Aisha (r.a.), katika riwaya iliyomo kwenye Sahih Bukhari, ameeleza kwamba siku ya Bu'ath ni siku ambayo Allah aliitanguliza kwa ajili ya Mtume wake. Alipofika Madina aliwakuta watu wametawanyika, na wakubwa wao wameuawa na kujeruhiwa. Aisha alikuwa akiisoma historia kwa jicho la kuchambua. Haangalii tu nani alishinda, anaangalia vita vile viliuacha mji katika hali gani.

La nne, ulimpandisha mtu mmoja. Abdullah bin Ubayy wa Khazraj hakuingia katika vita vya Bu'ath. Pande zote mbili zilipochoka zikamtazama yeye, na watu wakaanza kumtengenezea taji. Likumbuke taji hilo, tutalirudia.

KAA USIKILIZE KWANZA

Mwaka 620, watu sita wa Khazraj walipokutana na Mtume (s.a.w.) kwa mara ya kwanza, walimwambia kwa maneno yao wenyewe kwamba wamewaacha nyuma watu wao wakiwa na uadui na shari isiyo na mfano, na kwamba huenda Allah akawaunganisha kwa sababu yake. Hawakujifanya kwao kuna amani. Walikiri maradhi, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya dawa.

Mus'ab alipofika, Usayd bin Hudayr wa Aws, yule ambaye baba yake alikufa kwa sababu ya Bu'ath, alimwendea na mkuki mkononi ili amfukuze. Kumbuka Mus'ab alikuwa mgeni wa As'ad bin Zurara, mtu wa Khazraj. Mus'ab hakubishana naye. Alimwomba akae asikilize. Likimpendeza alikubali, na likimchukiza wao wataliacha. Usayd akaona huo ni uadilifu, akauchomeka mkuki wake chini, akakaa. Siku ile alisilimu, na Sa'd bin Mu'adh, mkubwa wa Aws, akasilimu kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 622 wakaja Aqaba wanaume 73 na wanawake wawili. Mtume (s.a.w.) akataka watolewe wasimamizi 12, nao wakawa tisa wa Khazraj na watatu wa Aws. Kila kundi lisimamiwe na mtu wake linayemwamini.

Alipohamia, alishukia kwanza Quba kwa Banu Amr bin Awf, nao ni Aws. Kisha akaingia mjini, na kila ukoo ukamshika hatamu ukimtaka akae kwao. Akawaambia wamwache ngamia aende, kwani ameamrishwa. Ngamia akapiga magoti kwa Banu Najjar, nao ni Khazraj. Hakuna aliyeweza kusema Mtume amempendelea fulani.

Na katika hati ya Madina, ule mkataba alioweka baina ya watu wa mji, koo zilitajwa kwa majina yake, za Khazraj na za Aws, kila ukoo ubebe fidia zake za damu na ukomboe mateka wake kwa wema na uadilifu. Hakuwaambia kwamba yaliyopita hayakutokea. Aliwaambia nani anabeba nini.

JIVU LINA MOTO CHINI

Je, baada ya hapo yaliisha? Hapana, ndugu yangu. Na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunapeana mikono, tunasoma Fatiha, tunakula pilau, tunasema yamekwisha.

Siku moja Aws na Khazraj walikuwa wamekaa pamoja wakizungumza kwa mapenzi. Mzee mmoja, Shas bin Qays, hakufurahishwa na umoja ule. Akamtuma kijana akae nao, awakumbushe siku ya Bu'ath na kuwasomea mashairi waliyotungiana wakati ule. Kijana akafanya hivyo. Watu wawili, mmoja wa Aws na mmoja wa Khazraj, wakaanza kujibizana. Mmoja akasema mkitaka tutairudisha upya. Wakaitana silaha, wakapangiana mahali pa kukutana, kule kwenye uwanda wa mawe meusi.

Mtume (s.a.w.) akawatokea pamoja na Muhajirina. Akawauliza vipi wanaitana mwito wa ujahilia naye yumo kati yao, baada ya Allah kuwaongoza na kuziunganisha nyoyo zao. Wakazinduka kwamba ni hila ya shetani. Wakalia, wakakumbatiana. Wafasiri wametaja kisa hiki wanapoeleza aya za Suratu Aal Imran zinazofika hadi ile ya 103, ambayo Allah anawaamrisha waumini washikamane wote na kamba yake, na anawakumbusha kwamba walikuwa maadui akaziunganisha nyoyo zao.

Tusikimbilie kumlaumu Shas peke yake. Shas hakuja na moto, alikuja na pumzi tu. Moto ulikuwa chini ya jivu, ndani ya nyoyo za Waislamu wenyewe. Kama pasingekuwa na kaa, pumzi yake ingepeperusha jivu tu.

Angalia pia Qur'ani inavyotibu. Haiwaambii wasahau kwamba walikuwa maadui. Inawaambia WAKUMBUKE. Mashairi ya Shas ni ukumbusho, na aya ni ukumbusho. Mashairi yanakukumbusha nani alikuua ndugu. Aya inakukumbusha ulikuwa wapi na nani alikutoa.

KISIMA CHA MURAYSI'

Katika safari ya Banu Mustaliq, watu wawili waligombana kwenye maji ya Muraysi'. Mmoja alikuwa mtu wa Muhajirina, mwingine mshirika wa Ansari. Ni ugomvi wa maji tu. Lakini mmoja akapiga ukelele, "Enyi Ansari!" na mwingine, "Enyi Muhajirina!" Ugomvi wa watu wawili ukawa wa makundi mawili kwa maneno mawili. Mtume (s.a.w.) akaukemea mwito ule na kuwaamrisha wauache kwa kuwa ni kitu kinachonuka.

Abdullah bin Ubayy akaipata nafasi yake. Akasema yale ambayo Suratul Munafiqun imeyataja katika aya ya 7 na ya 8: kwamba waliokuwa na Mtume wasipewe chochote mpaka watawanyike, na kwamba wakirudi Madina mwenye nguvu atamtoa aliye dhalili. Kijana Zayd bin Arqam (r.a.) akayasikia na kuyafikisha.

Hapa sasa zitazame akili tatu zilizofanya kazi siku ile.

Akili ya kwanza ni ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Umar (r.a.) alitaka Ibn Ubayy auawe. Mtume akakataa, watu wasije wakasema Muhammad anawaua wenzake. Kisha akaamrisha safari wakati ambao hakuwa na kawaida ya kusafiri. Wakatembea mchana ule, usiku kucha, na asubuhi mpaka jua likawachoma. Waliposhuka tu wakaanguka wakalala. Alitaka watu wasipate nafasi ya kukaa na kulirudiarudia neno lile. Alijua ugomvi unakua pale watu wanapokuwa wamekaa bure wakisimuliana.

Akili ya pili ni ya Usayd bin Hudayr (r.a.). Aliposikia habari ile alimwambia Mtume awe mpole na mtu huyu, kwani Allah alimleta Mtume wakati watu wa Ibn Ubayy wanamtungia shanga za taji, naye anaona amenyang'anywa ufalme. Subhanallah! Nani anayasema haya? Mtu wa Aws, mtoto wa Hudayr, anamsema mkubwa wa Khazraj. Hakumtetea kwa kosa lake, bali alieleza chanzo chake. Kumwelewa hasimu wako si kukubaliana naye, ni kujua unatibu nini.

Akili ya tatu ni ya mtoto wa Ibn Ubayy, naye jina lake Abdullah, Muislamu wa kweli. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akasema amesikia kwamba baba yake atauawa. Ikiwa ndivyo, basi aamrishwe yeye mwenyewe, kwa sababu anachelea akiuawa na mtu mwingine, nafsi yake haitamwacha amwone muuaji wa baba yake akitembea, atamuua, na atakuwa amemuua muumini kwa ajili ya kafiri na kuingia motoni. Kijana huyu aliijua Yathrib. Aliujua mnyororo: huyu anauawa, yule analipiza, mwingine anarithi. Akauona mnyororo ule ndani ya kifua chake kabla haujaanza. Mtume (s.a.w.) akamjibu kwamba watamfanyia baba yake upole na kukaa naye vizuri maadamu yupo nao.

Baadaye, kila Ibn Ubayy alipofanya ovu, walikuwa ni watu wake wenyewe wanaomkemea. Mtume (s.a.w.) akamwonyesha Umar kwamba lau angemuua siku ile, watu wangemghadhibikia kwa ajili yake, na hao hao leo angewaamrisha wamuue wangemuua. Umar akakiri kwamba jambo la Mtume lina baraka kubwa kuliko lake.

MSIKITINI, MBELE YA MIMBARI

Katika kurudi kutoka safari hiyo hiyo ndipo kulipotokea uzushi dhidi ya Mama Aisha (r.a.). Mtume (s.a.w.) akasimama juu ya mimbari akilalamika juu ya mtu aliyemuudhi katika familia yake. Kwa riwaya ya Bukhari, Sa'd bin Mu'adh wa Aws akasimama akasema wako tayari kumuua mtu huyo akiwa ni wa Aws, na akiwa ni wa ndugu zao Khazraj, Mtume awaamrishe. Sa'd bin Ubada, mkubwa wa Khazraj, akasimama kumpinga kwa ukali. Usayd akasimama kumjibu Sa'd bin Ubada kwa ukali zaidi. Makabila mawili yakapanda hasira yakakaribia kupigana, naye Mtume (s.a.w.) yuko juu ya mimbari akiwatuliza mpaka wakanyamaza.

Yaani wamekwishakuwa Waislamu kwa miaka. Wamepigana Badr bega kwa bega, wamezika mashahidi wa Uhud pamoja. Na bado neno moja la "wa kwenu" na "wa kwetu" likaamsha Bu'ath ndani ya msikiti wa Mtume.

Lakini msikilize Mama Aisha anavyosimulia. Yeye ndiye aliyedhulumiwa, na machozi yake hayajakauka. Anapomtaja Sa'd bin Ubada anasema kabla ya hapo alikuwa mtu mwema, ila ghera ya kabila ndiyo iliyombeba. Hakumfuta mtu mzima kwa saa yake moja ya hasira. Alimtenganisha mtu na kile ugomvi ulichomfanya. Sisi tukikosana na mtu leo, tunatafuta na makosa yake ya miaka 20 iliyopita.

SIKU MTUME ALIPOWASEMEA WALIOLALAMIKA

Kisa cha mwisho ni cha mwaka wa 8 Hijria, baada ya Hunayn. Mtume (s.a.w.) aligawa ngawira pale Ji'rana. Wakubwa wa Makka waliosilimu karibuni walipewa kwa wingi, Abu Sufyan akiwa miongoni mwa waliopewa ngamia 100, ili nyoyo zao zilainike. Ansari hawakupata kitu. Manung'uniko yakaanza.

Sa'd bin Ubada (r.a.) akaja akamweleza Mtume wazi wazi. Mtume akamuuliza yeye yuko wapi katika hilo. Akajibu kwamba yeye ni mmoja tu katika watu wake. Ukweli mtupu. Mtume hakumkasirikia. Akamwambia awakusanye Ansari peke yao.

Walipokusanyika, aliwakumbusha kwanza: je, hakuwakuta wamepotea Allah akawaongoza, mafukara akawatajirisha, maadui akaziunganisha nyoyo zao? Wakanyamaza, wakasema fadhila ni za Allah na Mtume wake. Basi hapo akafanya jambo kubwa. Akawaambia wangetaka wangejibu, na wangekuwa wakweli: kwamba alikuja kwao amekadhibishwa wakamsadiki, ametupwa wakamnusuru, amefukuzwa wakampa makao. Yaani AKAISEMA HOJA YAO KWA NIABA YAO, na kwa ubora kuliko wangeisema wenyewe. Kisha akawauliza kama hawaridhiki watu warudi na kondoo na ngamia, wao warudi na Mtume wa Allah. Wakalia mpaka ndevu zikalowa.

Hakuwaongezea hata ngamia mmoja. Kilichorekebishwa pale ni uhusiano.

SASA TUJE KWETU

Ndugu zangu, nimezisimulia habari hizi kwa sababu kuna misikiti yetu leo imegawanyika vipande viwili. Kamati ya zamani na kamati mpya. Waliofunga na hawa na waliofunga na wale. Kuna koo zimeacha kuzikana kwa sababu ya shamba la urithi. Tunapoitwa kusuluhisha tunauliza swali moja tu: nani ana makosa? Ni swali la lazima, lakini halitoshi. Pamoja nalo tuwafundishe watu kuuliza ugomvi umetufanya nini.

Someni Suratul Hujurat kuanzia aya ya 9 mpaka ya 12 kama ngazi. Aya ya 9 inataja makundi mawili yanayopigana, na yote mawili bado yanaitwa waumini. Ya 10 inasema ni ndugu. Ya 11 inakataza kudharauliana, kutiana aibu na kuitana majina mabaya. Ya 12 inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Hizi ndizo alama za uhusiano ulioharibika, zimepangwa mbele yako. Kundi lenu limefika daraja ipi?

Wakati wa kukaa, iwe ni darasa la vijana, kamati ya msikiti au kikao cha ukoo, chukueni karatasi, kila upande ujibu maswali manne:

1. Kabla ya ugomvi huu tulikuwa tunafanyiana nini? Nani alikuwa akimjulia hali nani? Kama watu wa Qayla, mkumbuke mlikotoka.

2. Leo tunaitana majina gani? Yaandikeni. Jina baya likionekana kwenye karatasi, linatia aibu hata aliyelibuni.

3. Nani ameingizwa asiyehusika, na nani anafaidika tusipopatana? Watoto wa madrasa waliohamishwa, wake waliokatazwa kusalimiana, na yule anayetungiwa shanga za taji.

4. Wenzetu wana hoja gani? Isemeni nyinyi, mpaka wao waseme, "Naam, hivyo ndivyo." Fanyeni alivyofanya Mtume (s.a.w.) kwa Ansari.

Na msikae saa ile ile ya moto. Kwanza tembeeni, kama walivyotembezwa kutoka Muraysi'. Leo kutembea ni kuizima simu na kuacha kusambaza sauti za kwenye makundi.

Lakini nisieleweke vibaya. Kusuluhisha si kufunika dhulma. Aya ile ile ya 9 inaamrisha kundi linalodhulumu lizuiwe, na suluhu iwe kwa uadilifu. Kama pesa za msikiti zimeliwa, zihesabiwe na zirudi. Kama yatima amedhulumiwa shamba, apewe shamba lake. Anayewaambia "sameheaneni tu" huku haki ya mtu iko mfukoni mwake, huyo hasuluhishi, anajificha.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kupatanisha baina ya watu kuna daraja kubwa kuliko swaumu, swala na sadaka za sunna, na kwamba kuharibika kwa mahusiano ni wembe, na wembe huo haunyoi nywele, unanyoa dini. Unaweza kuwa na tahajudi kila usiku, na wembe unapita.

Na tujue mwisho wa yote kwamba nyoyo si mali yetu. Allah amemwambia Mtume wake katika Suratul Anfal, aya ya 63, kwamba lau angetoa vyote vilivyomo ardhini asingeweza kuziunganisha nyoyo zao. Ni Allah aliyeziunganisha. Basi fanya sehemu yako, kisha omba.

Aws na Khazraj walianza kwa kutotaka kuswali mmoja nyuma ya mwenzake. Leo tukiwataja hatusemi tena Aws wala Khazraj. Tunasema Ansari, kwa jina moja, na tunawaombea radhi wote kwa pamoja.

Wewe unayesoma hapa, yuko mtu ambaye ukimkuta mbele anaswalisha, unageuza njia kutafuta msikiti mwingine. Unamjua. Kabla hujalala leo, jiulize ugomvi ule umekubadilisha nini wewe, si yeye. Kisha ukiweza, kesho Alfajiri simama nyuma yake.

Ewe Allah, ziunganishe nyoyo zetu, tengeneza yaliyo baina yetu, warudishie haki waliodhulumiwa, na usitufanye sisi kuwa pumzi ya moto wa wengine. Allahumma amin.

Ukiona faida, mfikishie mwenzako, hasa yule mliyekosana.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.